Sotoka Tuliimaliza. Kichaa cha Mbwa Kinatushinda kwa Nini?

Wasee, tuanze na jina la kaunti. Uasin Gishu. Tunaliandika kwa fomu za basari, tunalisoma kwa milango ya magari ya kaunti, lakini wengi wetu hatujawahi kuuliza linamaanisha nini. Limetoka kwa Wamaasai wa Ilwuasin-kishu, waliolisha mifugo kwenye tambarare hii hadi vita vya karne ya 19 vikawatawanya. "Kishu" ni ng'ombe, na jina lote kwa kawaida hufasiriwa kama ng'ombe wenye milia. Yaani kaunti yenye wakimbiaji wote hawa, ngano yote hii na mahindi yote haya, imebeba jina la ng'ombe.

Lakini leo nataka tuongee juu ya mbwa. Na paka. Na yule kobe ambaye mtu anataka kununua kwa sababu ameona mtu mwingine naye TikTok. Nitapitia kwa ng'ombe kwanza, kwa sababu bila historia yake hii story ya mbwa haishikani.

Kabla ya Wamaasai hao, wazee wa Kikalenjin husimulia kwamba huku walikaa Wasirikwa. Ukitembea nyanda za juu za magharibi unaweza kuona mashimo yao: mabonde madogo ya mviringo kwenye miteremko, yamefunikwa na nyasi, kila moja pana kuliko nyumba. Kwa muda mrefu wazungu walioyaona walidhani ni makao ya watu walioishi ardhini. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton akayachunguza na kuchimba baadhi yake, na maelezo yakabadilika. Yalikuwa mazizi. Shimo lilikuwa la ng'ombe. Watu walijenga nyumba pembeni, imeshikana na zizi, mlango ukifungukia ndani ya zizi lenyewe. Juu palizungushwa ua. Samadi na matope yalizolewa na kumwagwa upande wa chini, mara nyingi sana, hadi pakawa na kilima kidogo ambacho katika sehemu nyingi bado kinaonekana. Maisha hayo yalianza karibu mwaka 1200 na yakaendelea hadi miaka ya 1700. Ukitaka kuona mashimo hayo bila kuingia shamba la mtu, nenda Hyrax Hill pale Nakuru, kuna makumbusho.

Hebu fikiria hiyo kazi. Hakuna tingatinga. Watu wanakata mteremko kwa mikono ndio ng'ombe wasiibiwe usiku, halafu wao wenyewe wanalala ukuta kwa ukuta na mifugo. Hapo kuna mapatano. Ng'ombe anatoa maziwa, damu, ngozi na mahari. Binadamu anatoa ulinzi, malisho na usafi. Hakuna mahali yaliandikwa, lakini kila mtu aliyajua, na aliyezembea upande wake alilala njaa.

Mapatano yenyewe ni ya zamani kuliko Wasirikwa. Ng'ombe wa kufugwa ametokana na ng'ombe-mwitu, jitu la mnyama lenye pembe ndefu. Watu wa Mashariki ya Kati walianza kumfuga zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Polepole wafugaji walisambaa Afrika kaskazini, wakati Sahara bado ilikuwa na nyasi na maziwa, kisha wakashuka kusini. Karibu miaka 5,000 iliyopita walikuwa wamefika Ziwa Turkana. Pale Lothagam Kaskazini, magharibi mwa ziwa, walijenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe, na watafiti wanakadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa hapo. Wafugaji waliendelea kushuka hadi Bonde la Ufa na kuingia Tanzania, na vyungu vyao vya kale vimepatikana vikiwa na mabaki ya mafuta ya maziwa.

Na sasa kuna sehemu ambayo hainiishi mshangao: wakati tulikuwa tunamfuga ng'ombe, ng'ombe naye alikuwa anatubadilisha. Kwa asili, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupungua mtoto akishaachishwa ziwa. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa tumbo linawasumbua. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan zina mabadiliko yao wenyewe ya jeni yanayowaruhusu kunywa maziwa hadi uzeeni, tofauti na mabadiliko ya Wazungu. Kwa hivyo ukimaliza kikombe cha maziwa na tumbo linyamaze, hiyo ni historia ya ufugaji inafanya kazi ndani yako.

Hapo ndipo tunaelewa kufuga ni nini hasa. Kufuga si kumzoea mnyama mmoja. Ni kitu kinachotokea kwa vizazi vingi, mpaka mnyama mwenyewe abadilike, damu yake na tabia yake, awe mnyama wa kuishi na watu.

Mfano mzuri uko Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, ambaye alikuwa anaenda kuwaona wagonjwa akiwa amepanda punda milia. Si utani, picha iko. Sasa ukiona hiyo picha unajiuliza: kama yeye aliweza, mbona leo hatuna punda milia wa kubeba maji? Jibu ni kwamba Ribeiro alikuwa na punda milia mmoja aliyezoea watu. Watoto wa punda milia huyo wangezaliwa wanyama wa porini tu. Punda milia huuma na kung'ang'ania, hushtuka haraka na hukwepa kamba. Miaka elfu nyingi ya kuwindwa na simba, na binadamu pia, imemfundisha kutoamini mtu. Punda wa kawaida ni ndugu yake kabisa, jina la Kiswahili lenyewe linasema hivyo, lakini punda alifugwa hapa hapa kaskazini-mashariki mwa Afrika karibu miaka 7,000 iliyopita, na leo unaweza kumfunga mkokoteni na mtoto akamuongoza hadi mtoni. Ndugu wawili: mmoja aliingia kwa mapatano, mwingine alikataa.

Mabadiliko hayo yameshuhudiwa yakitokea. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Urusi, Dmitry Belyaev, alianza jaribio huko Novosibirsk, Siberia. Alichukua mbweha waliokuwa wanafugwa kwa ajili ya manyoya, na kwa kila kizazi akawaruhusu kuzaa wale wachache tu waliokuwa watulivu mbele ya watu. Hakuchagua rangi wala umbo. Baada ya vizazi vichache wakaanza kutokea mbweha wanaotikisa mkia wakiona mtu na kumlamba mikono. Lyudmila Trut aliendeleza kazi hiyo kwa miongo mingi baada ya Belyaev kufa. Kwa hivyo upole unaouona kwa mbwa wako si bahati. Ulijengwa kizazi baada ya kizazi, na waliokuwa wakichagua nani azae walikuwa watu.

Mbwa ndiye wa kwanza. Kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla mtu hajapanda mbegu yoyote. Ametokana na mbwa mwitu wa kijivu, wale wa Ulaya na Asia, angalau miaka 15,000 iliyopita. Mwaka 1914 wafanyakazi wa timbo la mawe huko Oberkassel, Ujerumani, walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi hilo lina miaka takriban 14,000. Meno ya yule mbwa yalichunguzwa tena miaka ya hivi karibuni, ikaonekana alikuwa mtoto wa miezi kama 7, na alikuwa ameugua distempa, ugonjwa ambao hata leo unaua watoto wa mbwa. Aliugua kwa wiki kadhaa. Mbwa mdogo kama huyo hawezi kuvuka hizo wiki peke yake. Lazima kuna mtu alimpa maji, akamsafisha, akamweka pahali pa joto. Na hakuwa na faida yoyote: hawezi kuwinda, hawezi kulinda. Watu hawakuwa na shamba wala chungu, lakini walimuuguza mbwa.

Paka alikuja baadaye, kivyake. Watu walipoanza kuhifadhi nafaka, panya walikuja, na paka-mwitu wa Afrika akawafuata panya. Huyo babu wa paka bado yuko Kenya, yuko porini sasa hivi. Kwenye kisiwa cha Saiprasi, ambako hakukuwa na paka wa asili, wanaakiolojia walipata kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu amezikwa na paka kando yake. Ina maana kuna mtu aliyewahi kumbeba paka kwa mashua kuvuka bahari.

Sasa twende kwa pointi yangu. Mnyama aliyefugwa hana pa kurudi. Ng'ombe-mwitu wa mwisho alikufa Poland mwaka 1627, kwa hivyo ng'ombe hana pori la kwao. Mbwa hawezi kurudi kuwa mbwa mwitu. Ukimtupa kando ya barabara haendi msituni kujitafutia maisha, anaenda jaani, anaenda buchari, anaenda nyumba ya jirani. Hapa Cheptiret barabara kuu ya Nakuru–Eldoret inakata mji katikati na malori ya kwenda Malaba hayalali. Mbwa aliyetupwa anaishia hapo kwa lami. Watu watasema ni mbwa koko. Hakuna mbwa anazaliwa na hilo jina. Kuna mahali mtu fulani alivunja upande wake wa mapatano.

Na usiniambie sisi hatuna uwezo wa kutunza wanyama. Historia inakataa. Miaka ya 1890 Afrika Mashariki ilipigwa na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia kutoka upande wa Pembe ya Afrika. Sehemu nyingine zilipoteza ng'ombe 9 kwa kila 10. Wamaasai walikufa njaa. Nyati na swara pia waliisha. Lakini hadithi haikuishia hapo. Pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka, ikaanza kutumika miaka ya 1960. Ng'ombe wakachanjwa nchi baada ya nchi, boma kwa boma, pamoja na wale wa wafugaji wanaohamahama. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilikuwa hapa Kenya, mwaka 2001, nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha. Baada ya ndui, huo ndio ugonjwa wa pili binadamu wamewahi kuufuta kabisa. Chanjo ilitengenezwa Kenya na mwisho wake ulikuwa Kenya.

Sasa linganisha na kichaa cha mbwa. Chanjo yake ni ya zamani zaidi: tarehe 6 Julai 1885, Paris, Louis Pasteur alimtibu mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto akaishi. Hiyo ni miaka 141 sasa tukihesabu hadi 2026. Bado Shirika la Afya Duniani linakadiria watu karibu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, wengi Afrika na Asia. Asilimia 99 ya wanaoambukizwa wanaupata kwa mbwa. Watu 4 kwa kila 10 wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa nini sotoka iliisha na hii haiishi? Mimi naona jibu ni bei. Ng'ombe ana bei. Akifa, ni karo imekufa, ni maziwa ya kupeleka kwa ushirika yameisha, na serikali inahisi. Mbwa wa kawaida hana bei. Anazaliwa nyuma ya nyumba, anapewa jina Simba au Bosco, anafungwa mnyororo mchana, anafunguliwa usiku, anakula ukoko wa ugali akikumbukwa. Tunamtegemea kulinda hao ng'ombe, hiyo TV na hata sisi tukiwa tumelala, lakini daktari wa mifugo akija kuchanja ng'ombe hakuna anayemwambia, "Na huyu pia."

Najua kuna mtu anasema, watu wenyewe hawana chakula, wewe unaleta mambo ya mbwa. Nakusikia. Lakini chanjo ya mbwa si anasa ya mbwa. Ni ya mtoto wa darasa la tatu anayepita hapo kwenu akienda shule. Ukichanja mbwa 7 kwa kila 10 katika eneo, ugonjwa unakosa pa kupita na unazimika, hata wale 3 waliobaki wakikosa sindano. Na kumchanja mbwa ni rahisi sana kuliko kumtafutia mtu aliyeumwa msururu wa sindano, hasa kama hospitali ya karibu haina dawa. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Hiyo si mbali. Ni miaka michache tu.

Kwa hivyo, kwa sisi vijana ambao tunafuga ama tunataka kufuga, upande wetu wa mapatano unakaa hivi.

Kwanza, usichukue mnyama kwa sababu ya kontenti. German Shepherd wa wiki 8 ni mrembo kwa kamera. Baada ya mwaka ni mnyama mkubwa anayekula kila siku, anayehitaji kutembezwa, na anaweza kuishi miaka 10 au zaidi. Husky ametengenezwa kwa vizazi vingi avute sleji kwa theluji, halafu wewe unamweka bedsita. Kama huwezi kujiona na huyo mbwa ukiwa na miaka 30, chukua picha na wa rafiki yako urudi nyumbani.

Pili, wale mnaokaa hosteli. Kabla niache chuo nilikuwa naona hii kila semesta ikiisha: paka aliyekuwa anaitwa mtoto wa room anabaki kwa ngazi akilia, wenyewe wako kwa matatu wanaenda nyumbani. Wiki mbili baadaye amekonda, na muhula ukianza ana watoto wanne. Kama chumba ni cha miezi minne, mnyama wa miaka kumi na tano hatoshei humo.

Tatu, chanjo. Mbwa na paka wachanjwe kichaa wakifika miezi 3, halafu mrudie kila mwaka kama kadi inavyosema. Uliza ofisi ya mifugo au agroveti iliyo na daktari aliyesajiliwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Pasteur, na mara nyingi kampeni za chanjo hupangwa karibu na hapo. Dume ahasiwe na jike afungwe kizazi kama huna mpango wa watoto. Wale wa kutupwa sokoni ndani ya katoni wanatoka kwa mbwa ambao hakuna aliyewapangia.

Nne, mtu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo na hata kama mbwa ni wenu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, usipake mafuta ya gari, na usingoje uone kama mbwa atakufa. Ukisubiri dalili, umechelewa.

Tano, achana na wanyama wa porini. Kumbuka punda milia wa Ribeiro. Kobe, tumbili, bundi, hao hawakuingia kwa mapatano yoyote na sisi, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Kama unadhani serikali hujali vitu vidogo, Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, miaka 19 kila mmoja, walipatikana Naivasha na malkia wa sisimizi kama 5,000 ndani ya vichupa, wale ambao watu ng'ambo hununua kufuga kwa vioo. Mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au mwaka mmoja jela. Na kwa wanyama tulio nao nyumbani, Sura ya 360 ya sheria zetu inasema kumtesa mnyama ama kumnyima chakula na maji ni kosa. Wengi hawajui hata iko.

Hakuna kitu kwa hiyo orodha ambacho Msirikwa hangeelewa. Mlinde, mlishe, msafishie, na usimlete nyumbani kama huna mahali pa kumweka. Yeye alichimba mteremko mzima kwa ajili ya ng'ombe. Sisi tunaombwa kadi moja ya chanjo, bakuli la maji safi na mnyororo ufunguliwe mbwa anyooshe miguu.

Leo jioni ukifika nyumbani, uliza swali moja tu: Simba wetu alichanjwa lini? Kama watu wataangaliana na kunyamaza, basi wewe ndiye utampeleka.